Fahamu: Kompyuta inavyotofautisha uvimbe wa ini

Si kila uvimbe kwenye ini ni saratani. Hemanjioma, fundo la mishipa ya damu, mara nyingi haina madhara. Katika kipimo cha CT mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kisha hupigwa picha kwa awamu. Saratani ya ini kwa kawaida hung'aa mapema, halafu hufifia kuliko ini lenyewe. Hemanjioma hujaa taratibu kutoka pembezoni.

Kompyuta hujifunza tofauti hiyo kwa kulishwa picha ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Ila programu iliyofunzwa kwa mashine za hospitali moja huweza kuboronga kwingine, na hilo wauzaji hawalitangazi sana. Kauli ya mwisho ni ya daktari. Nawe kapime homa ya ini aina ya B, chanzo kikubwa cha saratani ya ini Afrika.