Siafu, manyigu na mizinga yetu: tuchunge miguu na mlango



Siku hizi wengi wenu mnatuuliza jambo moja. Mmeona kwenye simu picha za nyigu mkubwa wa Asia anayekamata nyuki mbele ya mzinga na kuwakata vichwa, nanyi mnauliza kama atafika kwetu. Mama wengine wameshaanza kuchoma kila kiota cha manyigu wanachokiona chini ya paa au kwenye mgomba. Tumeona heri tuwajibu kwa utaratibu, kwa sababu chama chetu kimeshapoteza mizinga, na aliyetuharibia hakuwa nyigu huyo.

Nyigu wa kwenye picha kwao ni Asia. Mwaka 2004 alionekana kusini-magharibi mwa Ufaransa, na inasemekana alifika amejificha ndani ya vyungu vilivyoletwa kutoka China. Baadaye alienea Hispania, Ureno, Italia na Ujerumani, na mwaka 2016 akaonekana Uingereza. Kazi yake ni kusimama hewani mbele ya mlango wa mzinga na kumngojea nyuki anayerudi na mzigo. Nyuki wakishaogopa kutoka, chakula kinapungua ndani na mzinga unadhoofika.

Kwa nini nyuki wa Ulaya wanashindwa? Kwa sababu hawamjui. Nyuki wa asili wa Japani wamezaliwa pamoja na manyigu wakubwa, kwa hiyo wanajua la kufanya: wanamzunguka nyigu kwa mamia, wanatetemesha miili yao mpaka joto linapanda na yeye anakufa katikati yao. Adui unayemjua unaweza kujipanga naye.

Mfano wa pili unatoka kwetu. Mliofungua mizinga mmekwisha kumwona mdudu mdogo mweusi mwenye gamba gumu, wa milimita 5 hadi 7, anayekimbia gizani mwangaza ukiingia. Ni mdudu wa Afrika. Nyuki wetu wanamfukuza, wanamsukuma kwenye pembe, hata wanamfungia kwa gundi yao. Mzinga wenye nguvu hausumbuki naye sana. Lakini mdudu huyohuyo alitambuliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, na huko mabuu yake yaliharibu masega na kuchachusha asali ya wafugaji wengi, kwa kuwa nyuki wa kule hawakumzoea. Kwa hiyo hata sisi tuna mdudu wetu aliyekwenda kuwa balaa kwa wengine. Ndiyo sababu si vizuri kusafirisha mizinga na masega ovyo kutoka nchi moja hadi nyingine.

Sasa tuseme yaliyotupata. Tulikuwa na mizinga saba pembeni ya michikichi, mbali na njia ya watoto wa shule. Asali ya mizinga ile tulikuwa tumeipangia kazi: madaftari, minervali ya watoto wa wajane wawili, na sabuni ya kuanzisha biashara ndogo. Tulikuwa tumeahidiana kufyeka majani kila wiki na kupaka mafuta kwenye miguu ya meza za mizinga. Mvua zikaanza, kila mmoja akakimbilia shamba lake la mpunga na karanga, na zamu ya kufyeka ikasahauliwa. Hata sisi walimu tulisahau.

Usiku mmoja siafu walipita. Asubuhi tulikuta mizinga mitatu kimya. Watoto wa nyuki walikuwa wameliwa, na nyuki waliosalia walikuwa wamehama. Jani moja refu lililoegemea meza lilikuwa limewatosha siafu kuwa daraja.

Kilichofuata kilituuma zaidi. Mama mmoja wetu, kwa uchungu wa hasara ile, alinunua sokoni unga wa kuulia wadudu akaunyunyiza chini ya mizinga minne iliyobaki na kwenye vizingiti vyake. Siafu hawakurudi, lakini baada ya siku mbili tulikuta nyuki wamelala chini kwa mafungu mbele ya mizinga miwili. Asali yake hatukuthubutu kumpa mtoto wala kuipeleka sokoni, tuliifukia. Mama yule alilia, akataka kutoka katika chama. Tulimkatalia. Tulimwambia: hakuna hata mmoja wetu aliyekufundisha, basi kosa ni letu sote. Leo ni yeye anayeshika daftari la zamu.

Tangu hapo tunafuata mambo haya, nasi tunawashauri nanyi:

Miguu. Mzinga ukae juu ya meza ya kimo cha mita moja hivi, isiyoguswa na jani wala tawi. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya moteri, na juu yake weka kipande cha bati ili mvua isijaze kopo. Mwenye mzinga wa kutundika autundike kwa waya na aupake waya huo grisi. Majivu yanasaidia wakati wa kiangazi, lakini mvua moja inayaondoa.

Majani. Kufyeka ni kila wiki wakati wa mvua. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na ukiikosa mara moja tu unaweza kupoteza mzinga.

Mlango. Upana wa kupita usizidi milimita 8 kwenda juu. Nyuki anapita, nyigu mkubwa anakwama. Mzinga dhaifu upunguziwe mlango zaidi, ili walinzi wachache waweze kuulinda.

Usafi. Usitupe vipande vya masega karibu na mizinga, maana harufu inaita siafu, manyigu na nondo wa nta. Masega matupu usiyaache yakae. Yayeyushe upate nta.

Nguvu ya nyuki. Ukivuna, waachie chakula chao. Tena usivune kwa kuwachoma moto kama zamani. Moshi mdogo unatosha. Nyuki wetu wa Afrika wakisumbuliwa sana wanahama, na mzinga wenye nyuki wachache ndio adui anaouingia kwanza.

Sumu, hapana. Anayeweka sumu kwenye mzinga anaua wale anaotaka kuwalinda, na anaharibu asali ya watoto.

Je, manyigu wa hapa kwetu? Wapo wanaochimba shimo kwenye mchanga na kukamata nyuki mmoja mmoja kwa ajili ya watoto wao. Hao hawamalizi mzinga wenye nguvu. Wengi wengine wanawinda viwavi kwenye mboga zetu. Kiota kilicho juu ya mlango wa nyumba, ambapo watoto wanapita, kiondolewe na mtu mzima kwa uangalifu. Kilicho mbali shambani kiachwe. Hata siafu wenyewe, wakishapita, wanaacha shamba bila wadudu wengi. Tunachotaka ni wasipande mezani.

Tena tusisahau watoto. Mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kuvimba uso au kukosa pumzi, apelekwe kituo cha afya mara moja bila kungoja.

Wamama, nyuki hawatupi asali peke yake. Mnajua maua ya maboga yanavyoanguka bila kuzaa pale nyuki wanapopungua. Mzinga mmoja unalisha jirani asiyejua hata uko wapi.

Basi kabla ya mvua za Septemba, kila kikundi kipite kwenye mizinga yake siku moja, na panga, makopo na mafuta. Andikeni zamu, na jina la kila mmoja liwe kwenye daftari. Sisi tumebakiwa na mizinga miwili kati ya saba, na kundi jipya limeingia katika mmoja wa ile iliyohamwa, baada ya kuusafisha vizuri. Minervali ya mwaka huu tumeitafuta kwa mihogo. Ya mwaka ujao tunaitazamia kwenye asali, na jana jioni tulikuwa watano kule chini ya michikichi, tunafyeka.