Udi Tunaoupika Wenyewe

Usiku wa Ijumaa, apitaye vichochoroni mwa Mji wa Kale baada ya Magharibi hahitaji kuambiwa ni nyumba gani iliyofukizwa. Harufu huteremka ngazini na kumpokea barazani. Siku hizi mishumaa ya manukato imeingia madukani, na baadhi ya binti zetu huipenda. Hatuna ugomvi nayo. Linalotusikitisha ni kwamba sanaa ya kupika udi, iliyokuwa kazi ya kila jiko la mtaa huu, yatutoka mikononi.

Wengi wetu hununua ulio tayari. Nasi tulifanya hivyo, hata jioni moja kopo tulilolileta nyumbani likatoa moshi mweusi unaonuka mfano wa plastiki iunguayo, na mtoto wetu mwenye pumu akakohoa hadi usiku wa manane. Hatukujua kilichotiwa ndani, wala kopo halikusema. Tangu siku hiyo tumerejea sufuriani.

Udi hauoti kwetu. Hutokana na miti ya India na Asia ya Kusini-Mashariki. Mti mzima hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo hujikinga kwa utomvu mweusi, na sehemu iliyoshika utomvu huo ndiyo inukiayo. Miti imekatwa mno, hata biashara ya aina yake iliyo mashuhuri ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995. Basi ukiuziwa udi kwa bei ya mkaa, fahamu kwamba huenda umeuziwa kuni zilizopakwa mafuta.

Kipimo chetu ni vikombe viwili vya vipande vya udi vilivyovunjwa vidogo kwa kikombe kimoja cha sukari. Vipande hurowekwa usiku kucha katika marashi ya mawaridi. Asubuhi tunapika shira ya sukari na maji kidogo, moto mdogo, mpaka igeuke rangi ya asali. Hapo ndipo penye mtihani: ukichelewa kidogo sukari huungua, na uchungu wake hautoki tena. Tia vipande, kisha sandali iliyosagwa, ukoroge pasipo kupumzika hadi shira ishike kila kipande. Ipua sufuria kwanza, uiache ipoe kidogo, ndipo utie miski, ambari na mafuta mazuri, kwa kuwa moto huyafukuza manukato. Manukato yenye spiriti yasikaribie jiko kabisa, hulipuka. Tandaza kwenye sinia, uanike kivulini, kisha ufungie ndani ya kopo lisiloingiza hewa. Wiki mbili ni chache. Wazee wetu walingoja zaidi, na walikuwa na haki.

Wakati wa kufukiza, ungoja mkaa ufunikwe na jivu jeupe. Mkaa mwekundu huunguza sukari kabla udi haujatoa harufu. Kipande kimoja chatosha chumba. Na ile desturi ya kufunga milango na madirisha ili harufu ikolee tunaikataa waziwazi: mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, ambayo hata udi bora hauiondoi.

Wala tusidanganyane kwamba udi wa nyumbani ni dawa kwa mwenye pumu. Moshi ni moshi. Kwa chumba chake tumerudia mrashi na sahani ya asmini, visivyohitaji moto. Aidha, chetezo hakipelekwi kwa mjane aliye edani, kwani miezi minne na siku kumi hajitii manukato. Binti wengine hulisahau hili kwa wema wao wa kutaka kumliwaza.

Nyumbani kwetu sasa, chetezo kikianza kuzunguka vyumbani, bibi humchukua mtoto wakaketi barazani. Madirisha yote huwa wazi. Hurudi ndani moshi ukishatoka, na harufu imebaki katika mapazia na leso.