Ubao wa Mninga na Matumizi Yake

Wasomaji wetu wengi wameketi juu ya kiti cha mninga, au wamefungua mlango wa mninga, pasipo kuujua mti wenyewe. Yafaa basi tueleze habari zake, maana ubao huu ni wa thamani, na watu wengi hupoteza fedha zao kwa kutoujua.

Mninga humea katika misitu ya miombo, tangu Tanzania hata Afrika ya Kusini, na upande wa magharibi mpaka Angola. Watu wa Tabora na Katavi wanaujua sana. Tunda lake ni la mviringo kama kisahani, lina miiba katikati na ubawa mwembamba kulizunguka. Tena mti ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Ukipasua gogo lake utaona sehemu mbili. Nje ni mti mweupe. Ndani ni kiini, chenye rangi ya hudhurungi, pengine na mistari myekundu. Sehemu hizi si sawa hata kidogo. Kiini hustahimili mchwa na kuoza, lakini ule mweupe huliwa upesi na bungua. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kabati kwa fundi mmoja, nikalisifu kwa uzuri wake. Kabla ya mwaka kwisha unga ulianza kumwagika chini, na mguu mmoja ukavunjika. Kiini kilikuwa kizima. Ulioliwa ni ule mweupe, ambao fundi aliuficha kwa rangi. Basi, wewe unayenunua, itazame kazi kabla haijapakwa rangi.

Sifa kuu ya mninga ni kutulia. Kila ubao hupungua unapokauka, lakini mninga hupungua kidogo mno. Ubao mbichi wenye upana wa inchi 12, ukiisha kukauka, hupungua chini ya robo ya inchi. Ndiyo sababu mlango wa mninga uliotengenezwa vema haukwami wakati wa masika, wala hauachi nyufa wakati wa kiangazi. Uzito wake ni wa kadiri: futi moja ya ujazo, ikiwa kavu, yapata ratili 40. Hukubali randa na msumeno, hushika gundi na misumari, na ukipakwa nta hung'aa. Kwa hiyo hufaa milango, madirisha, meza, vitanda na makabati. Ila vumbi lake huweza kudhuru pua na kifua. Fundi na ajifunge kitambaa usoni, na kufanya kazi mahali penye upepo.

Lakini sifa hizi zote ni za ubao mkavu. Mninga hukauka polepole, na fundi mwenye pupa huutumia ungali mbichi. Baadaye ndimi za mbao hulegea katika matundu yake, na mnunuzi hulalamika. Njia iliyo njema ni hii: mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka chini, na kati ya safu na safu viwekwe vijiti vyenye unene mmoja, ili upepo upite. Juu yake liwekwe paa la kuzuia mvua. Kisha chagua ubao mmoja, uupime uzito kila juma. Uzito ukiisha kukoma kupungua, mbao zimekuwa tayari.

Tena kuna sababu nyingine ya kutoharibu hata kipande. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi na kuchipuka tena wakati wa mvua, huku mzizi ukizidi kunenepa chini. Hufanya hivyo miaka mingi, pengine 10 au zaidi, kabla ya shina kusimama. Mti anaoukata mtu kwa saa moja ulianza kuota kabla yeye hajazaliwa. Mwezi wa Novemba 2022, mataifa yaliyokutana Panama yaliiandika miti yote ya jamii ya mninga ya Afrika katika orodha ya mimea isiyouzwa ng'ambo pasipo hati maalum, kwa kuwa inakatwa kupita kiasi.

Basi fundi ajuaye kazi yake hukata kwa ruhusa, huutenga mti mweupe, na hungoja ubao ukauke. Haraka haraka haina baraka. Na katika kazi ya mninga, haraka ya fundi hulipwa na mwenye nyumba.