Pikipiki Iliyolala Muda Mrefu: Tuzikague Vali Kabla ya Kuingia Barabarani

Mzee mmoja wa Kibenga alikutwa na askari wetu wa doria saa nne za usiku akiisukuma pikipiki yake kando ya barabara ya kuelekea Rumonge. Taa haikuwaka, hati alikuwa amezisahau nyumbani, na maelezo yake yalikuwa magumu kuaminika: pikipiki huwaka vizuri ikiwa baridi, ikishapata joto huzimika na kukataa kuwaka, ikipoa huwaka tena. Katika maeneo yetu ya karibu na mpaka, mtu wa namna hiyo huulizwa maswali mengi. Aliulizwa. Baadaye ilibainika kuwa kila alilolisema lilikuwa kweli.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya zamani, iliyokaa ukutani miaka kadhaa. Si yake peke yake. Tangu Machi 2022, pikipiki zilipozuiliwa kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, na mafuta yalipoadimika, nyingi zimesahaulika nyuani. Sasa zinatolewa moja moja, na unyevu wa ziwa umekwisha kufanya kazi yake.

Injini hiyo ina vali mbili, ambazo wengine huziita supapu: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila moja husukumwa na mkono mdogo wa chuma. Kati ya mkono huo na ncha ya vali lazima pabaki nafasi, kwa kuwa chuma kikipata joto hurefuka. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Ni karibu unene wa unywele. Ikizidi, injini hugongagonga. Ikikosekana, vali haifungi sawasawa, mgandamizo hupotea, nao moto hupenya na kuunguza ukingo wa vali.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mlio wa vali huwakera, hivyo skrubu hukazwa mpaka injini inyamaze. Ndivyo alivyofanyiwa mzee wetu. Sisi tungependelea vali inayolia kidogo kuliko iliyo kimya kabisa, maana ya kwanza hukupa taarifa, ya pili hukuacha njiani gizani. Na kwa pikipiki za aina hiyo, injini ikizimika taa ya mbele nayo huzimika.

Anayeifufua pikipiki ya namna hii asikimbilie kupiga kiki. Afungue plagi, atie kijiko cha oili ndani ya silinda, aache usiku kucha, kisha aizungushe injini polepole kwa spana kwenye nati ya magineti. Ikikwama, asilazimishe, huenda vali imeganda kwa kutu. Ikizunguka, aendelee mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, na mikono yote miwili iwe inachezacheza. Isipocheza, azungushe mzunguko mmoja kamili zaidi. Hapo fila geji ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo. Nati ya skrubu ikishakazwa, apime tena, kwani kukaza huko huibadili nafasi. Mafundi wengine hutumia wembe. Wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo ukipita kwa urahisi, nafasi imezidi. Si kipimo tunachokipendekeza, ila ni afadhali kuliko kukisia kwa sikio.

Pikipiki za aina nyingine zina vipimo vyake, na Yamaha AG100, yenye injini ya mipigo miwili, haina vali za namna hii.

Jambo moja linatuhusu sisi moja kwa moja. Kabla ya kumlipa fundi, linganisha nambari iliyogongwa kwenye kasha la injini na ile iliyo katika hati. Injini kuukuu huuzwa vipande vipande pande zote za mpaka, na mnunuzi mwema anaweza kujikuta na kasha la pikipiki iliyoibwa. Nambari zikitofautiana, au ikionekana imekwanguliwa, njoo kituoni ukiwa na hati zako kabla hujaiwasha. Mzee wetu alikuja siku iliyofuata. Nambari zake zililingana, akaondoka na pikipiki yake. Siku hizi inalia kidogo asubuhi, naye amekubali kuizoea.