Mchezo wa simu: mtoto asome, asipore

Baadhi ya michezo ya simu kuhusu Misri ya kale humpa mtoto pointi kila anapobeba dhahabu kaburini. Lakini fumbo zuri zaidi lipo tayari: Jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799. Ujumbe mmoja umechongwa kwa maandishi ya aina tatu, yakiwemo ya Kigiriki. Mwaka 1822 Mfaransa Champollion alitangaza ufumbuzi wake, akianzia kwenye majina ya watawala yaliyozungushiwa mstari.

Mbunifu wa mchezo akifuata njia hiyo, mlango hufunguka kwa kulinganisha alama, si kwa kuvunja.

Jiwe lenyewe liko London, na wapo Wamisri wanaodai lirudishwe. Mzazi, mwanao akishinda hatua, muulize: ulichokichukua kilikuwa cha nani?