Injini ya boti imeishiwa nguvu? Cheki ringi za pistoni

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, boti nyingi za kwenda vijiji vya upande wa Gombe hutegemea injini moja tu, iliyofungwa nyuma. Ikizima katikati ya Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, hakuna pa kutia nanga.

Kitu kimoja kinachomaliza nguvu ya injini ni kidogo kabisa: ringi za pistoni.

Zinafanya nini?

Ni pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, ili mlipuko wa mafuta usukume pistoni badala ya kupenya pembeni. Kila ringi imekatwa sehemu moja, na mwanya huo lazima uwepo kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Ukibana mno, ncha hugongana na ringi huvunjika. Ukizidi, gesi inavuja.

Injini ya tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, kila silinda inalipua mara 75 kwa sekunde. Kinachovuja ni kidogo, lakini kinavuja kila mlipuko.

Kompyuta inaonyesha nini?

Wahandisi huigiza uvujaji huu kwa programu. Nafasi kati ya ringi na ringi huchukuliwa kama chumba, na mwanya kama mlango mwembamba. Programu inakokotoa gesi inayopita kila mlango. Hesabu hizo zinaonyesha kuwa gesi yenyewe huingia nyuma ya ringi na kuikandamiza ukutani. Presha ya chini ikizidi ya juu, ringi huinuka na gesi hupita kirahisi.

Dalili

Kamba ya kuwashia inavutika kirahisi kuliko zamani, injini inagoma kuwaka, na mzigo wa kawaida unaishinda. Kwa fostroki, moshi unakuwa wa bluu na oili inaweza kunuka petroli iliyopenya kwenda chini.

Kabla ya kufunga ringi mpya

Fundi aiweke ringi ndani ya silinda, apime mwanya kwa fila geji na alinganishe na kitabu cha injini. Ukiwa mkubwa hata kwa ringi mpya ya saizi sahihi, silinda ndiyo imelika, na kubadilisha ringi peke yake ni kupoteza hela.

Kipimo hicho ni cha dakika chache, ukiwa bado nchi kavu.