Moto Haukula Zote

Usiku wa Novemba 8, 1800, moto uliteketeza ofisi ya Wizara ya Vita ya Marekani mjini Washington. Ziliungua barua za makamanda wa ngome za mpakani, kando ya mto Ohio, pamoja na habari za mikataba na wenyeji wa asili na mishahara ya askari.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini barua ina mwandishi na mpokeaji. Ya huku ikiungua, nakala ya kule yaweza kusalimika. Kuanzia miaka ya 1990, wataalamu walipekua maktaba na hifadhi zaidi ya 200, hata Uingereza na Ufaransa, wakakusanya nakala za hati zaidi ya 40,000.

Basi ndugu msomaji, karatasi kuukuu ya babu iliyo sandukuni usiichome. Huenda mwenziwe keshaungua.